Muuguzi mgeni na tabibu wa miaka ishirini: programu moja itawatoshaje wote?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtengenezaji wa programu, nipo Mwanza. Tunaandaa programu ya kwenye kishikwambi ya kumsaidia mhudumu wa zahanati kuamua afanye nini na mtoto mgonjwa aliye chini ya miaka mitano. Kinachotutatiza ni watumiaji. Kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuna wauguzi, kuna matabibu waliokaa kazini miaka ishirini. Mgeni anataka aelekezwe kila hatua. Mzoefu anachoshwa na maswali na anaiacha. Tumefikiria kuweka vitufe viwili mwanzoni, "Mgeni" na "Mzoefu", kila mtu apite njia yake. Je, tuko sahihi? Na tabibu akipingana na programu, nani ashinde?*

Marahaba, ndugu yangu. Nafurahi umeuliza kabla hamjaanza kuchora skrini. Jibu la swali la kwanza ni fupi: viondoeni hivyo vitufe viwili.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuviweka. Nilikuwa tabibu kabla ya kuhamia upande wa programu, na katika mradi wangu wa kwanza tuliwapa watumiaji uchaguzi huo huo. Sasa fikiria chumba chenyewe. Mama ameketi, mtoto mapajani. Nje benchi limejaa. Mganga mfawidhi yuko meza ya pili. Kishikwambi kinamuuliza muuguzi mwenye miezi miwili kazini kama yeye ni mgeni au mzoefu. Atabonyeza nini? Karibu wote walibonyeza "Mzoefu". Hakuna anayetaka kujitangazia ugeni mbele ya mgonjwa wake, kwa hiyo yule aliyehitaji kushikwa mkono ndiye aliyeukosa.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona. Tabibu wa miaka ishirini ni mzoefu wa nini hasa? Malaria ameiona mara maelfu, nimonia kadhalika. Lakini kichanga wa siku tano aliyeacha kunyonya huenda akamwona mara chache kwa mwaka, na mtoto mwenye utapiamlo mkali na miguu iliyovimba vivyo hivyo. Kwa mtoto wa malaria hakuhitaji wewe wala programu yako. Kwa kichanga ni mgeni kama muuguzi wake, tena mgeni asiyejua kwamba ni mgeni. Na kuna muuguzi aliyekaa kliniki ya watoto miaka mitatu ambaye kwenye kusoma kadi ya ukuaji atamshinda daktari aliyetoka chuoni juzi. Ujuzi wa mtu hauenei sawasawa kila mahali; upo kwenye jambo hili, kwenye jambo lile haupo. Ndiyo maana nawaambia vijana ninaofanya nao kazi: msigawe watu, gawanyeni maamuzi.

Kabla sijaeleza maana yake, nitenganishe vitu viwili ambavyo timu nyingi zinavichanganya: mamlaka na ujuzi. Mtu anapoingia kwa jina lake na nywila, mfumo unajua cheo chake, na cheo kinasema anaruhusiwa kufanya nini. Mhudumu wa ngazi ya jamii haruhusiwi kutoa kila dawa anayoruhusiwa kutoa tabibu. Mtoto huyo huyo, mwenye dalili zile zile, kwa mmoja njia inaishia kwenye rufaa na kwa mwingine inaishia kwenye sindano. Hilo ni la kisheria, na lazima likae kwenye akaunti ya mtumiaji. Ila cheo hakikuambii mtu huyu, kwa mtoto huyu, leo, anahitaji msaada kiasi gani. Ukikitumia cheo kupima ujuzi utakuwa umerudisha vile vitufe viwili kwa mlango wa nyuma.

Tatizo lenu lina umri wa nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza MYCIN, programu ya kushauri antibiotiki kwa wagonjwa wenye maambukizi kwenye damu na homa ya uti wa mgongo. Ilikuwa na kanuni zinazokaribia 600 za mtindo wa "ikiwa hivi na hivi, basi vile". Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 1979 yalihusu wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo: mapendekezo ya matibabu, ya mashine na ya madaktari, yalipelekwa kwa wataalamu 8 wa nje bila kuambiwa lipi ni la nani. Wataalamu hao waliyakubali mapendekezo ya MYCIN kwa asilimia 65, na hakuna daktari bingwa wa Stanford aliyeifikia. Hata hivyo haikuwahi kuingia wodini kufanya kazi ya kila siku. Mazungumzo nayo yalichukua karibu nusu saa, daktari akiandika majibu ya swali moja baada ya jingine, na hapakuwa na aliyejua nani atawajibika ikikosea.

Sehemu ya hadithi hiyo inayowahusu ninyi ni ile iliyofuata. William Clancey alitaka kuzitumia kanuni zile zile za MYCIN kufundishia wanafunzi wa udaktari, akajenga programu iitwayo GUIDON. Akagundua kwamba kanuni zilizomtosha bingwa hazikumtosha mwanafunzi. Mfano wake mmoja ni huu: mtoto akiwa chini ya miaka 8, usimpe tetrasaiklini. Kanuni ni sahihi, lakini haisemi kwa nini. Sababu ni kwamba dawa hiyo hujishika kwenye madini ya mifupa na meno yanayokua, na meno yakabadilika rangi. Mfano mwingine unanivutia zaidi. Kanuni mojawapo ilitaka kujua kama mgonjwa ni mlevi, ila kabla ya hapo ilihakikisha umri wake umepita miaka 17. Lile sharti la umri halikuwa la kitabibu. Mwandishi wa kanuni alilichomeka ili programu isimuulize mtu kama mtoto wake ni mlevi. Akili ya kawaida ilikuwa imefichwa ndani ya mpangilio wa masharti, na mwanafunzi aliyeisoma asingejua kipi ni tiba na kipi ni adabu.

Hapo mimi ndipo ninapoanzia kila kazi. Kila kanuni mnayoiingiza kwenye mfumo, iandikieni pembeni sababu yake kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi, mwongozo ilikotoka, na mwaka wa mwongozo huo. Msiiache sababu kichwani mwa daktari mshauri wenu. Mkishakuwa nayo, suala la mgeni na mzoefu linapungua nusu: ushauri unatokea kwa mstari mmoja, sababu inatokea chini yake kwa maandishi madogo, na anayetaka zaidi anagusa. Mzoefu macho yake yanairuka. Mgeni anaisoma, na akiisoma mara ya kumi atakuwa haihitaji tena. Na mwongozo ukibadilika mnajua pa kugusa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Mwaka 2014 mwongozo wa watoto ukabadilishwa, mtoto ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, bila dalili nyingine ya hatari, akaruhusiwa kutibiwa kwa amoksilini ya kunywa akiwa nyumbani. Tabibu wa miaka ishirini alifundishwa kabla ya yote mawili. Akiona ushauri unaopingana na alichojifunza, na pembeni yake hakuna sababu wala mwaka, atasema programu imekosea.

Sasa tuje kwenye maamuzi yenyewe, ambayo nayagawa katika aina tatu. Mwongozo mnaoutumia bila shaka ni IMCI, ule wa kuhudumia watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano, wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF uliotoka katikati ya miaka ya 1990. Wenyewe tayari ni programu ya kusaidia uamuzi, ila ya karatasi: dalili za hatari kwanza, kisha kikohozi, kuharisha, homa, masikio, pinki ni rufaa ya haraka, njano ni matibabu ya hapo hapo, kijani ni huduma ya nyumbani. Aina ya kwanza ni uamuzi ulio ndani yake ambao hamna ruhusa ya kumrukisha mtu yeyote, awe profesa. Nao ni zile dalili nne za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea au hana fahamu. Maswali manne. Mzoefu akilalamika kwamba yanamchelewesha, mkalieni kimya. Mzoefu hakosei kwa kutojua kwamba degedege ni hatari; anakosea kwa kutouliza, kwa sababu mtoto wa arobaini asubuhi hiyo anafanana na wale thelathini na tisa waliomtangulia.

Mnachodaiwa ninyi ni kuyaandika maswali hayo yaulizike. Nilikaa na muuguzi mmoja aliyekuwa anasoma skrini iliyosema "kutapika: ndiyo/hapana". Akamuuliza mama, "Anatapika?" Mama akajibu, "Sana." Akabonyeza ndiyo, na mtoto mwenye mafua ya kawaida akaandikiwa rufaa. Kilichotakiwa kujulikana ni kama kila kinachoingia kinarudi, maji, maziwa, uji, dawa, hakuna kinachobaki tumboni. Tukabadilisha maneno: "Je, kila anachokula au kunywa kinarudi chote?" Na chini yake: "Kama huna hakika, mwambie mama ampe maji, uangalie." Sentensi hiyo ya pili ipo kwenye mwongozo tangu zamani. Tabibu mkongwe aliyekuwepo alisema hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya siku zote, ila hakuwahi kumwambia mtu. Mkiwa na wakongwe wa aina hiyo, waketisheni na muwaulize wanafanya nini mikono yao inapokuwa kwa mtoto, kisha maneno yao myaweke kwenye skrini ya wageni. Na kumbukeni kwamba wahudumu wetu wamesoma kwa Kiingereza lakini wanamuuliza mama kwa Kiswahili. Swali likiandikwa kama linavyosemwa kwa mama, limewafaa wote wawili kwa mpigo.

Aina ya pili ni vile vipimo ambavyo kila mtu anadhani anavijua. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Chukua kuhesabu pumzi. Mtoto mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 12, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, kikomo ni 40. Akikifikia kikomo hicho au kukizidi anapata antibiotiki, chini yake kwa kawaida hapati. Uamuzi mzima umening'inia kwenye namba moja, na namba yenyewe inatakiwa ihesabiwe dakika nzima, mtoto ametulia, fulana imepandishwa. Skrini yetu ya kwanza ilikuwa na kisanduku cha kuandika namba. Baada ya wiki kadhaa nikazichukua namba zote na kuzipanga. Nyingi mno zilikuwa zinagawanyika kwa 4: 28, 32, 36, 40, 44. Unajua maana yake? Watu walikuwa wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Ukikosea pumzi moja ndani ya sekunde 15, umekosea nne kwa dakika, na nne zinatosha kumvusha mtoto upande wa pili wa kikomo. Na waliofanya hivyo zaidi walikuwa wazoefu. Wageni walihesabu dakika nzima, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa.

Tukaondoa kisanduku. Tukaweka duara kubwa katikati ya skrini: gusa kila kifua kinapopanda. Saa inakimbia pembeni, ikifika dakika inatetemeka, na namba inatokea yenyewe ikiwa imeshalinganishwa na umri. Hakuna cha kukariri wala kuzidisha. Mgeni alipenda kwa sababu hakuhitaji kukumbuka kikomo. Mzoefu alipenda, na hili sikulitegemea, kwa sababu macho yake yalibaki kwenye kifua cha mtoto badala ya kwenye saa ya ukutani. Sehemu ya kuandika namba kwa mkono tuliibakiza, ndani zaidi, kwa anayetumia saa yake mwenyewe. Kwa hiyo mnapomsikia mzoefu akisema "hiki kinanichelewesha", chunguzeni kwanza kama kinachomchelewesha ni kazi yenyewe au ni jinsi mlivyoichora.

Aina ya tatu ndiyo inayowasumbua hasa: yaliyobaki yote, ambako mzoefu anataka kuruka na mgeni anataka kushikwa mkono. Msiweke maswali kwenye msururu wa skrini, moja baada ya jingine, kitufe cha "Endelea" chini. Wekeni ukurasa mmoja wenye vipengele vyote vya mtoto huyo, kile kinachofuata kwa utaratibu wa mwongozo kikiwa kimekolezwa rangi. Mgeni anafuata rangi kutoka juu hadi chini. Mzoefu ameshaona mtoto anashika sikio, anaanzia kwenye sikio, anarudi kwenye homa, anaweka jibu la kipimo cha malaria. Programu inahesabu kimya kimya kilichobaki, na haitoi ushauri wa mwisho mpaka zile dalili nne ziwe zimejibiwa. Yaliyobaki yasiyo ya lazima yanaorodheshwa tu: "Hujaangalia: kadi ya chanjo, viganja kuona kama damu imepungua." Njia ni nyingi, mantiki nyuma ni moja. Hilo la mantiki kuwa moja nalisisitiza, maana mkitengeneza njia mbili zenye kanuni mbili, mwongozo utakapobadilika mtarekebisha moja na kuisahau ya pili.

Maelezo ya msaada nayo yafuate uamuzi. Watafiti wa ufundishaji, Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao, walionyesha katika makala ya mwaka 2003 kwamba maelekezo yanayomsaidia anayeanza yanaweza kumpunguzia uwezo aliyebobea, kwa sababu anatumia nguvu kuyasoma na kuyalinganisha na anachokijua tayari. Kwa hiyo acheni maelezo ya uamuzi fulani yafunguke yenyewe mara za kwanza mtumiaji anapokutana nao, kisha yajikunje kuwa alama ndogo ya kugusa. Yafunguke tena akikaa miezi bila kukutana nao, au mwongozo ukibadilika. Tabibu wenu wa miaka ishirini hataona maelezo ya malaria, ila siku kichanga wa siku tano anapoletwa, maelezo yatakuwepo bila yeye kuyaomba na bila mtu kumwita mgeni. Tahadhari moja: kwenye zahanati nyingi kishikwambi ni kimoja na nywila imeandikwa kwenye plasta nyuma yake, wanaingia wote kwa akaunti ya mmoja. Hesabu zenu za nani ameona nini zitavurugika. Ndiyo maana kufungua na kukunja lazima kuwe kwa mguso mmoja, wakati wowote.

Umeuliza nani ashinde. Anayeweka sahihi ni binadamu aliye na mtoto mbele yake, kwa hiyo ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini kupingana kuna pande mbili, na msizitendee sawa. Tabibu akitaka kumpa rufaa mtoto ambaye programu inasema arudi nyumbani, mwacheni, msimuulize chochote; huenda ameona kitu kisichokuwa na kisanduku. Akitaka kumrudisha nyumbani mtoto mwenye dalili ya hatari, hapo muulizeni sababu, kwa orodha fupi ya kugusa. Na orodha hiyo iwe ya kweli. Kwenye kazi niliyoifanya mimi, sababu tuliyoikuta mara nyingi haikuwa ya kitabibu hata kidogo: mama hana nauli, au anasema lazima akamwombe mumewe ruhusa. Skrini iliyokuwa na chaguo la "Sikubaliani na programu" peke yake ilituficha jambo hilo kwa miezi. Mkishajua kwamba ni nauli, programu inaweza kufanya kazi yake: IMCI ina maelekezo ya pale ambapo rufaa haiwezekani, dozi ya kwanza itolewe hapo hapo, mtoto aangaliwe nini usiku, arudishwe lini.

Na msipige kelele kila mahali. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 kuhusu tahadhari za dawa kwenye kompyuta za hospitali yalikuta madaktari wanazipuuza kati ya asilimia 49 na 96. Mtu akishazoea kufunga visanduku vyekundu, atafunga na kile cha kweli. Nyekundu iwekeni kwa ajili ya maisha ya mtoto tu. Kwengineko, badala ya kukataza, onyesheni hatua inayofuata. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na mhudumu bado anataka kutoa dawa ya malaria, maneno "Hairuhusiwi" yatamfanya aandike kipimo ni chanya ili apite. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Andikeni "Kipimo ni hasi. Tafuta chanzo kingine cha homa: masikio, koo, kifua, mkojo." Umempa pa kwenda, na mama aliyekuja na mtoto mwenye homa hataondoka akidhani hajahudumiwa. Hofu ya kumwondoa mama mikono mitupu ndiyo inayoandika dawa nyingi zisizohitajika, kwa mgeni na kwa mkongwe sawasawa.

Kwamba kazi hii inaweza kufaulu katika zahanati zetu, nina hakika, maana imeshafaulu. Utafiti wa mfumo wa kusaidia uamuzi kama huu wenu, uitwao ALMANACH, jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta watoto waliopewa antibiotiki ni asilimia 15 pale ulipotumika, dhidi ya asilimia 84 kwenye huduma ya kawaida, na waliopona hawakuwa wachache. Mrithi wake, ePOCT+, ulipojaribiwa kwenye vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, dawa hizo zilishuka hadi asilimia 23 dhidi ya 70, tena bila watoto kudhurika zaidi. Hao walioshusha namba hizo ni wahudumu wa kawaida, wa vyeo mbalimbali.

Hata huko Leeds, Uingereza, ambako mwaka 1972 Tim de Dombal na wenzake walichapisha matokeo ya kompyuta yao ya maumivu ya tumbo ikiwa imepatia wagonjwa asilimia 91.8 kati ya 304, huku daktari mwandamizi zaidi aliyemwona kila mgonjwa akipata 79.6, kilichoonekana baadaye ni kwamba madaktari wenyewe waliongezeka ubora wakati mfumo ukitumika, na majaribio yalipokwisha wakaanza kurudi walikotoka. Walikuwa wanajaza fomu yenye maswali yale yale kwa kila mgonjwa, na wanaambiwa baadaye kama walipatia. Kuuliza vizuri na kurudishiwa majibu kuliwainua wakubwa na wadogo. Kwa hiyo wapeni watumiaji wenu marejesho: yule mtoto uliyempa rufaa wiki iliyopita alikutwa na nini hospitalini? Kama mnaweza kuleta jibu hilo moja tu kwenye kishikwambi, mzoefu hataiacha programu yenu.

Kuhusu kuijaribu: msiwaulize watu wameipendaje. Andaeni kisa kimoja cha mtoto, kwenye karatasi, mmoja wenu aigize mama. Mleteni mhudumu wa jamii, kisha muuguzi, kisha tabibu, kila mmoja peke yake, mwambieni aseme kwa sauti anachowaza, nanyi mkae nyuma mnyamaze. Angalieni kidole kinasita wapi. Kisha nendeni zahanati siku ya Jumatatu, siku ya foleni. Kama kishikwambi kiko kwenye droo na kinatolewa saa tisa alasiri, mhudumu akinakili kutoka rejesta ya MTUHA, kitabu cha serikali cha taarifa za wagonjwa, basi hamjatengeneza msaada wa uamuzi. Mmemwongezea rejesta ya pili. Muda wa kila kumbukumbu utawaonyesha hilo bila kumuuliza mtu: watoto kumi na nane ndani ya dakika ishirini, wote baada ya saa tisa.

Anzeni na skrini mbili tu: ile ya dalili nne za hatari na ile ya kuhesabu pumzi. Zipelekeni kwenye zahanati tatu kwa mwezi mmoja, mkizibakiza njia zote mbili za kuhesabu, duara la kugusa na kisanduku cha kuandika. Kisha zipangeni namba za pumzi zilizoandikwa kwa mkono, mtazame ni ngapi zinagawanyika kwa 4, na mniandikie mmekuta nini.